Kabla ya kufuga sungura, jiulize kwanza

Siku hizi watu wengi vijijini wanataka kufuga sungura. Wengine wanataka kitoweo. Wengine wanataka fedha. Watoto nao wanawapenda tu, kwa sababu ni wazuri na hawapigi kelele.

Haya yote ni mema. Sungura ni mnyama mdogo. Hahitaji shamba kubwa wala malisho ya mbali. Hata mama mwenye eneo dogo nyuma ya nyumba anaweza kumfuga. Hata mzee asiyeweza kukimbizana na mbuzi anaweza kumfuga.

Lakini sungura wengi wanakufa katika miezi ya kwanza. Wanakufa kwa sababu mwenye nyumba alinunua kwanza, akauliza baadaye. Wahenga walisema: Majuto ni mjukuu. Basi tuulize kwanza.

SUNGURA WA NYUMBANI NI NANI?

Mzee mmoja aliniambia: "Bwana mifugo, sungura namjua tangu nikiwa mtoto. Ndiye yule mjanja wa hadithi za bibi. Atashindwaje kujitunza?"

Tulicheka sote. Kisha nikamweleza. Sungura wa hadithi zetu ni sungura wa porini. Huyu tunayemfuga ni mnyama mwingine. Asili yake ni Ulaya, katika nchi ya Hispania na kusini mwa Ufaransa. Wote tunawaita sungura, lakini hawazaliani.

Tazama tofauti yao. Mtoto wa sungura wa porini huzaliwa ana manyoya, na macho yake yako wazi. Mtoto wa sungura wa nyumbani huzaliwa hana manyoya, na macho yamefumba. Hawezi kujitunza hata kidogo. Bila kiota chenye joto, anakufa.

Kwa hiyo usimkamate sungura wa porini ukamtia kizimbani. Atakufa kwa hofu. Nunua sungura wa kufugwa kwa mfugaji unayemjua.

NANI ATAWATUNZA?

Hili ni swali la kwanza. Sungura anahitaji kutunzwa kila siku. Jumapili anakula. Siku ya msiba anakula. Siku ya mavuno, mnapokuwa wote shambani, anakula pia na kunywa maji.

Kaeni kama familia mzungumze. Nani atakata majani? Nani atateka maji? Nani atafagia chini ya vizimba? Msimwachie mama kazi yote, naye tayari ana kuni, maji na jiko. Msimwachie mtoto peke yake. Mtoto anaweza kukata majani akitoka shule, lakini mtu mzima lazima atazame kila siku.

Kuna jambo lingine la kuzungumza. Mtoto akimpenda sungura humpa jina. Siku ya kumchinja, mtoto atalia. Amueni mapema. Huyu ni wa mtoto, hatachinjwa. Hawa wengine ni wa kitoweo. Mtoto akijua tangu mwanzo, hataona kama amedanganywa.

Pia wako watu wasiokula sungura kwa sababu ya dini au mila yao. Wasabato, kwa mfano, hawali. Uliza nyumbani kwako, na uliza jirani zako, kabla ya kutegemea kula au kuuza.

TUPIGE HESABU

Sungura huzaa upesi sana. Mimba yake ni siku 31 hivi. Kila uzao huwa na watoto wengi. Mara nyingi ni kati ya 4 na 10.

Tuseme umenunua majike 2 na dume 1. Una sungura 3. Umewapandisha. Kila jike akazaa watoto 6. Sasa una watoto 12 na wazazi 3. Jumla ni sungura 15. Na haijapita miezi 2!

Je, una vizimba vya sungura 15? Je, una majani ya sungura 15? Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Walijenga nyumba ya watatu, wakapata ukoo mzima. Wakawabananisha. Magonjwa yakaingia. Wakaisha.

Sasa tutazame hesabu ya mwaka. Mimba ni siku 31. Watoto hunyonya wiki 6, yaani siku 42. Mama apumzike wiki 2, yaani siku 14. Jumla ni siku 87. Kwa hiyo jike anayetunzwa vizuri anaweza kuzaa mara 4 kwa mwaka.

Si watoto wote watakaokua. Tuseme kila mara wanakua 5. Jike mmoja atakupa sungura 20 kwa mwaka. Majike 2 watakupa 40. Sungura wa miezi 4 au 5 aliyelishwa vizuri anaweza kuwa na uzito wa kilo 2. Ukimchinja na kumsafisha, nyama ni karibu kilo 1.

Basi majike 2 wanaweza kukupa kilo 40 za nyama kwa mwaka. Huo si utajiri. Lakini kwa familia ambayo watoto wanaona nyama siku za sikukuu tu, ni jambo kubwa. Nyama ya sungura ni laini, haina mafuta mengi, na hujenga mwili wa mtoto.

NYUMBA YA SUNGURA

Jenga kwanza, nunua baadaye. Usimweke sungura jikoni au chini ya kitanda ukisema utajenga kesho.

Kila sungura mkubwa awe na kizimba chake. Madume wawili wakiwa pamoja hupigana na kuumizana vibaya. Jike mwenye mimba akisumbuliwa hutupa mimba au huua watoto.

Vipimo vya kizimba kimoja ni hivi:
Urefu: sentimita 90, yaani shubiri 4.
Upana: sentimita 60, yaani shubiri 2 na nusu hivi.
Kimo: sentimita 50, au zaidi kidogo.

Kizimba kiinuliwe juu ya ardhi kwa miguu ya mti, karibu mita 1. Unaweza kutumia mabanzi, fito au mianzi. Si lazima ununue vitu vya ghali.

Sakafu ndiyo muhimu zaidi. Lazima mavi na mkojo vianguke chini. Panga mianzi au fito laini, uache nafasi ya sentimita 1 hadi 1 na nusu. Nafasi ikiwa ndogo, mavi yatabaki. Ikiwa kubwa, mguu utanasa. Wavu mwembamba wa kuku si mzuri kwa sakafu, maana hukata nyayo. Ukitumia wavu mgumu, weka kipande cha ubao ili sungura apumzishe miguu.

Weka paa la nyasi au makuti. Bati peke yake lina joto kali mchana. Ukiwa na bati, tandaza nyasi juu yake. Zuia upepo upande unakotoka, lakini usizibe pande zote. Hewa lazima ipite.

Kumbuka pia adui. Mbwa, paka, nyoka, nguchiro na panya wote wanamtaka sungura. Siafu wanaweza kumaliza kiota chote usiku mmoja. Weka kila mguu wa kizimba ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Siafu hawatapita. Fyeka majani yaliyo karibu, yasigusane na kizimba. Funga mlango vizuri kila jioni.

JOTO NI ADUI

Sungura hatoi jasho kama sisi. Hupunguza joto kwa masikio yake makubwa. Kwa hiyo joto kali linaweza kumwua mchana mmoja.

Watu wa Lushoto, Njombe na Mbeya wana bahati. Hali ya hewa yao ni ya baridi. Watu wa Tanga, Mtwara na Dar es Salaam wajihadhari zaidi. Jenga chini ya mwembe au mti mwingine wa kivuli. Ukimwona sungura amelala ubavu, anahema haraka na mdomo umelowa, mpeleke kivulini na umloweshe masikio kwa maji ya kawaida. Usimtumbukize katika maji.

Jua pia kwamba dume aliyepigwa na joto kali anaweza kushindwa kutia mimba kwa wiki kadhaa. Usimfukuze. Mpe kivuli, maji na muda.

CHAKULA NA MAJI

Watu wengi wanadhani sungura anakula karoti. Chakula chake kikubwa ni majani, hasa nyasi. Meno ya sungura yanakua siku zote. Nyasi kavu na majani magumu huyasaga yasizidi kuwa marefu. Pia tumbo lake haliendi vizuri bila nyasi.

Mpe nyasi, mabingobingo machanga, matembele, majani ya mahindi, majani ya maharage, majani ya mlonge na magugu mazuri ya shambani. Mchicha mpe kidogo. Kabichi mpe kidogo sana, maana hujaza tumbo gesi. Pumba za mahindi unaweza kumwongezea, hasa jike anayenyonyesha.

Sungura mkubwa anaweza kula nusu kilo hadi kilo 1 ya majani mabichi kwa siku. Jike mwenye watoto hula mara 2 au 3 ya hapo. Je, wakati wa kiangazi utapata wapi? Kata nyasi mwishoni mwa mvua, uzianike kivulini, uziweke akiba.

Shika haya yafuatayo:
Usimpe majani yenye umande au yaliyolowa mvua. Kata jioni ya jana, yanyauke kwanza.
Usimpe majani yaliyooza wala pumba zenye ukungu. Ukungu una sumu.
Usimpe majani ya nyanya, majani ya viazi mviringo wala viazi vilivyogeuka kijani. Yana sumu.
Usimpe majani ya mparachichi wala ya mbarika.
Usimpe kisamvu kibichi.
Usikate majani mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu, wala mahali mbwa wanapochafua.
Usiweke chakula sakafuni. Tengeneza hori ndogo ukutani.

Maji ni lazima. Wako watu wanaosema sungura hanywi maji, kwa sababu anakula majani mabichi. Si kweli. Jike anayenyonyesha akikosa maji hukosa maziwa, na anaweza kula watoto wake. Tumia kopo zito lisilopinduka, au lifunge kwa waya. Lisafishe kila asubuhi.

Jambo moja lisikutishe. Sungura hutoa mavi ya aina mbili. Yale magumu huanguka chini. Yale laini huyala mwenyewe, mara nyingi usiku. Si ugonjwa. Ndivyo anavyopata virutubisho mara ya pili, kama ng'ombe anavyocheua.

JINSI YA KUMSHIKA

Kamwe usimnyanyue kwa masikio. Unamwumiza. Shika ngozi iliyolegea ya mabegani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uweke chini ya matako, ubebe uzito. Mkumbatie kifuani.

Sungura akining'inia na kurusha mateke anaweza kuvunjika mgongo. Akivunjika hatapona. Mfundishe mtoto kukaa chini kwanza, ndipo apewe sungura mapajani. Akianguka, hatatoka mbali.

KUPANDISHA NA KUZAA

Ngoja jike afike miezi 5 au 6. Dume angoje miezi 6 au zaidi. Dume 1 anatosha majike 10. Dume na jike wasitoke kwa mama mmoja. Watoto wa ndugu huwa dhaifu.

Mpeleke jike kwa dume. Usimpeleke dume kwa jike. Jike hulinda kizimba chake na anaweza kumwuma dume. Wakishapandana, mrudishe jike kwake. Andika tarehe. Wewe unajua kuandika sasa. Hapa ndipo kalamu yako inapofanya kazi! Andika ukutani au katika daftari: jike gani, dume gani, tarehe gani.

Hesabu siku 28. Siku hiyo mwekee kisanduku cha kuzalia. Urefu wake uwe sentimita 40, upana sentimita 30 na kimo sentimita 30. Weka nyasi kavu ndani. Jike atang'oa manyoya yake mwenyewe atengeneze kiota. Usidhani anaumwa. Anawatandikia watoto.

Akizaa, mwache kimya. Mbwa na watoto wakae mbali. Kesho yake tazama kiota taratibu, mikono ikiwa safi. Ondoa waliokufa. Funika waliobaki.

Akina mama wengi huniambia, "Huyu mama hanyonyeshi." Sungura hunyonyesha mara 1 tu kwa siku, pengine 2. Ni dakika chache tu, mara nyingi alfajiri au usiku. Tazama matumbo ya watoto. Yakiwa ya mviringo, wameshiba. Yakiwa yamekunjamana, hawajanyonya.

Watoto hufumbua macho siku ya 10 au 11. Wiki ya 3 huanza kutoka na kuonja majani. Wiki ya 6 hadi ya 8 huachishwa kunyonya. Wakifika miezi 3, tenga madume na majike. Usipowatenga, watapandana wao kwa wao.

MAGONJWA

Sungura mgonjwa halii. Hujikunja pembeni na kukataa chakula. Kwa hiyo mtazame kila asubuhi. Asiyekula siku nzima ana shida. Mtenge na wenzake siku hiyo hiyo.

Kuhara: Huua sana watoto walioachishwa kunyonya. Tumbo hujaa na manyoya husimama. Sababu moja kubwa ni vijidudu vinavyotoka katika mavi. Kinga yake ni sakafu kavu na chakula kisichogusa mavi.

Upele wa masikio: Sungura hujikuna na kutikisa kichwa. Ndani ya sikio kuna magamba. Usiyabandue, utamtia kidonda. Paka mafuta ya kula ndani ya sikio kwa siku kadhaa hadi magamba yalainike. Safisha kizimba. Asipopona, mwite bwana mifugo.

Mafua: Pua hutoa kamasi, naye hupiga chafya. Huletwa zaidi na uchafu, harufu kali ya mkojo na upepo mkali.

Upo pia ugonjwa unaoua sungura wakubwa ghafla, wakitoka damu ndani ya mwili. Ulionekana mara ya kwanza nchini China mwaka 1984. Mwaka 2020 uliua sungura Nigeria. Hauambukizi watu. Wakifa wengi kwa siku chache, usiuze wala usigawe. Zika mizoga, na toa taarifa kwa bwana mifugo upesi.

Usinunue dawa kwa kubahatisha. Dawa nyingine zinazofaa kwa watu au mifugo mingine, sungura akinyweshwa hufa. Huharibu tumbo lake.

TAHADHARI KUHUSU SOKO

Ndugu msomaji, hapa naomba usome polepole.

Wako watu wanaopita vijijini na mijini, au kuita kwa simu. Wanasema: "Nunua sungura wetu wa mbegu kwa bei hii kubwa. Wakizaa, tutanunua watoto wote kwa bei nzuri." Mtu anauza mbuzi wake, au anakopa. Ananunua. Sungura wanazaa. Anapiga simu, haipokelewi. Ana sungura 60, hana majani, hana mnunuzi, ana deni.

Kabla ya kutoa fedha, uliza haya. Nyama hii inaliwa wapi na nani? Je, kijijini kwetu yuko mtu aliyeuza kwao na kulipwa? Mkataba uko wapi? Soma mkataba wote, au usomewe na mtu unayemwamini. Kama faida yao inatoka kwa kukuuzia sungura tu, jihadhari.

Soko la kwanza la sungura ni sufuria yako mwenyewe. La pili ni jirani. La tatu ni hoteli, shule au mnada ulio karibu. Ukishaona wanunuzi wa kweli, ongeza idadi.

Usisahau pia shamba. Mavi ya sungura ni mbolea nzuri ya mchicha, nyanya na migomba. Mkojo nao unafaa, lakini changanya na maji mengi, maana mkojo mtupu huchoma mimea. Mfugaji mwenye bustani hupata faida hata mwezi asipouza sungura.

ANZA HIVI

1. Zungumza na familia.
2. Hakikisha majani na maji, hata kiangazi.
3. Jenga vizimba 3 vya wazazi, na vingine 2 au 3 vya watoto.
4. Nunua majike 2 na dume 1, wenye umri wa miezi 3 au 4. Macho yawe maangavu, pua kavu, masikio na nyayo safi, meno yakutane vizuri.
5. Fuga mwaka mmoja. Andika kila kitu. Ndipo uamue kuongeza au kubaki hapo.

TUJADILI

Wazee wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasoma, wakajadili, kisha wakatenda. Njia hiyo bado ni njema. Someni makala hii pamoja, kisha mjibu maswali haya:

1. Kwa nini tujenge vizimba kabla ya kununua sungura?
2. Jike amepandishwa tarehe 1 Machi. Kisanduku cha kuzalia kiwekwe tarehe ngapi?
3. Ni majani gani ya kijijini kwetu yanafaa? Ni yapi yana sumu?
4. Mtu akija na mkataba wa sungura, tumwulize maswali gani?

Mkikwama, mwiteni bwana mifugo au bibi mifugo wa kata yenu. Kazi yake ni kuwafikia.